Breakfast Club, watoto wa Gatina na watoto wa Lavington

Kuna kitu kimenikaa kichwani muda mrefu na leo nataka nikiseme chote. Ni kuhusu vijana wetu wa hapa Nairobi, wale wa miaka 14 hadi 18, na vile kila mtu mkubwa akikutana nao anawauliza we unataka kuwa nani, we unajiona wapi, jitafute, jijue, na hakuna mwenye anauliza huyu mtoto amepewa nafasi gani ya kujitafuta. Manake kuna wenye wanapewa miaka na miaka ya kujaribu hili na lile, na kuna wenye hawapewi hata likizo moja.

Mimi hushinda na vijana Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa moja huku kati ya Kawangware na Lavington. Kama unajua hizi sehemu unajua hazijaachana mbali, unatoka Gatina, mtaa wa Kawangware, na miguu, unapita vibanda vya mandazi na za kuchaji simu, unavuka, na muda si muda uko kwa mageti ya stima na ua zimekatwa vizuri. Watoto wa pande zote mbili hukuja. Wanaimba pamoja, wanacheza mpira pamoja, na jioni ikifika kila mtu anashika njia yake. Nimekulia upande wa Kawangware, mathe wangu alikuwa akifua nguo Lavington, kwa hivyo hiyo njia naijua kitambo.

Sasa kuna Jumamosi tuliwaonyesha muvi inaitwa The Breakfast Club. Ni ya zamani, ilitoka 1985, iliandikwa na kuongozwa na John Hughes, na ni wanafunzi 5 wa sekondari moja huko nje ya Chicago wamewekwa maktaba Jumamosi nzima kwa adhabu. Basi, hiyo ndio stori. Hakuna kufukuzana na magari, hakuna nyumba kulipuka, ni watu wamekaa wanaongea. Iko na matusi na kuna mahali wanavuta bangi, kwa hivyo niliongea na mchungaji na wazazi kwanza tukakubaliana iwe ya wenye wamefika miaka 16 na watu wazima tukae nao hapo ndani. Wengine walikuwa na wasiwasi kwamba ni mambo ya Wamarekani, yatatusaidia na nini, lakini mimi nilikuwa nishaiona na nilijua kuna vitu ndani yake vinatuhusu sana, sana kabisa.

Angalia tu vile wanafika shule dakika za kwanza. Claire analetwa na babake kwa BMW. Andrew, yule wa miereka, analetwa na babake pia na hata kabla hajashuka anakumbushwa maneno ya skolashipu. Brian yuko na mamake na mamake anamwambia atumie hiyo siku kusoma. Allison anashuka, anageuka aseme kwaheri, gari ishaondoka. Na Bender anakuja na miguu. Hakuna mtu amesema nani ni tajiri nani ni maskini, muvi haijaeleza chochote bado, na kijana mmoja wa kwetu kule nyuma akasema tu, "huyu ametembea." Watoto wa Lavington hawakuwa wameona. Walikuwa wameona BMW. Mimi nilikuwa nawaangalia wao zaidi ya kuangalia ukuta wenye muvi ilikuwa inachezea.

Halafu inafika saa ya chakula, na kwangu mimi hapo ndipo muvi yote iko. Kila mmoja anatoa chake. Claire anatoa sushi, na hiyo ni miaka ya 80, si kitu cha kila mtoto wa shule. Andrew anatoa mfuko mzima, chakula cha kulisha watu. Brian yuko na supu na mkate umekatwa kingo, yani unaona kabisa kuna mtu aliamka asubuhi akamtengenezea. Allison anatoa nyama ya mkate anatupa juu huko, anaweka sukari na nafaka za asubuhi katikati ya mkate na anakula hivyo, na hapo unajua nyumbani kwao pesa labda si shida, shida ni hakuna mtu anamwangalia. Bender hana kitu. Na wakati huohuo ndio anaanza kelele, anauliza Claire anakula nini, anachukua chakula cha Brian anakichambua kimoja kimoja, anaigiza nyumba ya kina Brian, baba na mama wanaongea kwa upendo, anacheka, anachokoza kila mtu.

Kwa ukumbi watu wakacheka, manake inachekesha. Na msichana mmoja wa Gatina, mtu wa maneno machache sana, akasema, "Anaongea sana juu hajabeba chakula."

Kicheko kiliisha hapo hapo. Nilisimamisha ile laptopu kidogo nikamuuliza amejuaje, akaniangalia vile mtu hukuangalia ukimuuliza swali lenye jibu liko mezani. Akasema ukikaa kimya kila mtu atakuona huna, lakini ukipiga kelele wataangalia kelele.

Sasa niwaambie kwa nini hiyo ilinigusa mimi mwenyewe. Nilisomea bodingi, nilipata shule nzuri kwa sababu ya maksi, na bodingi ndipo nilijua sisi ni maskini, manake kwetu mtaani kila mtu alikuwa vile tulikuwa. Kilichokuwa kinanionyesha si yunifomu, yunifomu zilikuwa sawa. Ilikuwa ile Jumapili ya wazazi kuja. Magari yanaingia, leso zinatandikwa kwa nyasi kando ya gari, kuku, pilau, kreti ya soda, wadogo wa mtu wanakimbia kimbia na nguo za Jumapili. Mathe alikuwa anakuja na basi halafu anatembea kutoka barabara kubwa hadi geti, na chapati na ndengu kwa hotpoti yenye kifuniko chake kilikuwa kimefungwa na blada, ule mpira wa kufungia mizigo, kwa sababu kishikio kilivunjika. Tulikuwa tunakaa nyuma ya madarasa, yeye akisema huku kuna kivuli. Chapati zake zilikuwa tamu kushinda kuku wa mtu yeyote na sitasema tofauti hata leo. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa ile blada, nikiwaza nani anapita na nani ameiona.

Na mimi nilikuwa wa bahati, manake kulikuwa na wenye hawakuwa wanaletewa mtu. Hao siku hiyo walikuwa na kazi ghafla. Mmoja anafua soksi, mwingine amelala amejifunika mpaka kichwa, na rafiki yangu mmoja alikuwa anaenda darasani na kitabu, kila mara, muhula baada ya muhula, mpaka ikawa inajulikana huyo ni mtu wa vitabu, hana habari na visiting, hana habari na drama wala mziki. Waalimu walimsifu kwa hiyo. Ukweli ni kwamba alikuwa na sauti na alikuwa akiigiza watu bwenini usiku mpaka tunalia kwa kicheko, lakini kujiunga na drama kulikuwa na pesa ya safari na pesa ya mavazi, kwa hivyo hakujaribu hata siku moja, akasema tu yeye si mtu wa hayo mambo. Sahii ni mtu mzima, ana kazi ya ofisi, ana familia. Na kuna wakati aliniambia kwamba mpaka leo hajui kama anapenda kusoma ama ilikuwa ni mahali pa kukaa.

Hayo maneno yake ndio yalinifanya nianze kusoma mambo ya saikolojia ya vijana, nikitafuta mtu mwenye ameyaeleza. Nikampata mwanasaikolojia Erik Erikson. Yeye ndiye aliandika, kuanzia kitabu chake cha 1950, kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujua mimi ni nani, na kwamba kijana anahitaji kipindi cha kusubirishwa kidogo, asiamuliwe mapema, apewe ruhusa ya kujaribu sura tofauti bila kulipishwa kila mara amekosea. Na James Marcia mwaka wa 1966 akaigawanya vizuri zaidi: kuna kijana hajachagua na hata hatafuti, kuna mwenye bado anatafuta, kuna mwenye ametafuta akachagua, na kuna mwenye amefunga mlango bila kutafuta, amechukua tu kile alipewa ama kile kilibaki. Niliposoma hicho cha mwisho nilimwona rafiki yangu na kitabu chake siku ya wazazi, wazi kabisa.

Lakini kuna kitu kingine kuhusu Erikson mwenyewe. Huyo mzee alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu, alizunguka Ulaya miaka akichora, akijitafuta, na baba yake wa kambo alikuwa daktari wa watoto aliyetaka naye awe daktari. Sasa jiulize, nani anaweza kuzunguka miaka akichora? Ni mwenye kurudi nyumbani kuna nyumba na kuna sahani mezani. Simsemi vibaya, nampenda sana kwa yale aliandika, lakini hicho kipindi cha kusubirishwa chenye anasema kila kijana anahitaji, mtu mzima fulani lazima akilipie. Kijana wa Gatina mwenye likizo ikifika anasukuma mkokoteni wa maji ama anakaa na watoto wa wenyewe, kipindi chake kililipiwa na nani?

Kitu kingine ni ile ya David Elkind, mwanasaikolojia mwingine. Aliandika 1967 kwamba kijana huwa anahisi kuna watu wanamwangalia wakati wote, amejiwekea watazamaji kichwani, chunusi moja anaona Nairobi nzima imeiona. Ni kweli, kila mzazi wa kijana anajua. Lakini nikifikiria shule yetu naona hiyo ni nusu. Kwetu paredi ya asubuhi bursa alikuwa anasoma majina ya wenye hawajamaliza karo, jina kwa jina, shule nzima imesimama, na ukitajwa unatoka kwa laini unaenda kufunga sanduku urudi nyumbani. Hao watazamaji hawakuwa wa kichwani, walikuwa mamia ya watu na sweta. Mtoto wa tajiri akikua anakuja kugundua kumbe hakuna mtu alikuwa anamwangalia hivyo, anapumua. Mtoto wa maskini akikua anakumbuka kwamba walikuwa wanaangalia kweli. Na nafikiri ndio maana watu wengine wazima wenye mnaona wamefanikiwa bado hawawezi kula mbele ya watu wakiwa na amani.

Turudi kwa muvi. Bender akiulizwa kuhusu kwao anaigiza na nyumba ya kwao, baba anamtukana, mama anaongezea, halafu wakimbishia anainua mkono anaonyesha alama ya kuchomwa, anasema hiyo ndiyo unapata kwao ukimwaga rangi gereji. Watoto wetu hapo hawakusema kitu. Na kuna ile ya Brian, hii watu wengi huwa wanaipita haraka na mimi naona ni kubwa. Brian amepata F ya kwanza kwa somo la ufundi, walikuwa watengeneze taa ya umbo la tembo, ukivuta mkonga inawaka, yake haikuwaka. Kuna bunduki ya miali, ile ya kurusha moto wa ishara, imepatikana kwa loka yake, unaelewa alikuwa amefika wapi. Na alikuwa amechukua hilo somo akidhani ni rahisi, ni la wale wajinga, na Bender ndiye analisoma, amekaa hapo hapo anasikia. Mmoja anaona fundi ni mjinga, mwingine ndiye fundi. Mwaka huohuo wa 1985 sisi Kenya tulikuwa tunaanza mfumo wa elimu wa 8-4-4, na masomo ya useremala na ushonaji na ufundi yaliwekwa humo, na mnakumbuka vile yaliishia, mzazi ananunua kikapu kilichosukwa na mtu mwingine mtoto apeleke apate maksi. Yule kijana wa kwetu aliyesema huyu ametembea, babake huchomelea madirisha na milango kando ya Naivasha Road, na baada ya hiyo sehemu alisema, bila hasira, kwamba hiyo taa babake angeitengeneza jioni moja. Kijana mmoja wa Lavington akamuuliza kweli? Wakaanza kuongea waya inapita wapi, na hiyo ilikuwa ya kwanza mimi kuwasikia hao wawili wakiongea kitu si mpira.

Sasa siku hizi hii mambo ya kujijua imewekwa hata kwa fomu. Watoto wa gredi ya 9 wanachagua mkondo wa sekondari ya juu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo, na wale wa kwanza wameingia gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto wa miaka 14, 15 anaulizwa wewe ni nani, jaza hapa. Sipingi, 8-4-4 ilikuwa na mateso yake. Ila mtoto aliyepelekwa piano, kuogelea na kambi za kompyuta anajaza akijua alichoonja, na wa upande ule mwingine anajaza kile shule ya karibu iko nacho na kile nauli inaweza. Fomu ni moja. Inanikasirisha na sitajificha.

Kuna vitu sikupenda kwa hiyo muvi. Allison anapakwa rangi uso na kuvalishwa vizuri ndio mvulana amwone, hapo hata wasichana wetu walilalamika. Na yule bwana wa nidhamu, Vernon, anamfungia Bender chumba na kumtisha, anataja mshahara wake wa dola 31,000 kwa mwaka na nyumba yake, hataki kupoteza hayo kwa sababu ya kijana kama huyo. Ni mbaya, lakini ni mtu mwenye anaogopa kurudi chini, na waalimu kama hao nimewajua.

Halafu Jumatatu. Wamelia pamoja, wameambiana kila kitu, na Brian anauliza swali lenye liko kwa roho ya kila mtu: Jumatatu tukikutana itakuwaje, bado tutakuwa marafiki? Na Claire anasema ukweli, kwamba hapana, hafikirii. Wote wanamkasirikia. Kwa ukumbi wetu hakuna aliyemkasirikia, na hiyo ilinishangaza kidogo, halafu haikunishangaza tena. Mwishoni Claire anavua hereni yake ya almasi anampa Bender, anaivaa, anatembea uwanjani amenyanyua ngumi, mziki unapigwa, watu wanapenda sana hiyo picha. Yule msichana wa Gatina akasema, "Akifika nayo nyumbani babake atasema ameiba."

Nimeona watu wakichambua hiyo muvi na sijasikia hata mmoja akifika hapo. Claire akipoteza hereni atanunuliwa ingine. Bender anarudi kwa huyo baba mwenye ametuigizia, na hiyo almasi kwa sikio, jioni hiyo hiyo. Tuliongea kuhusu hiyo hereni kushinda kitu kingine chochote, na watoto wa Lavington walikuwa wanasikiliza kweli, manake wengi wao hupeana vitu, simu ya zamani, viatu, kwa roho safi kabisa, na hakuna siku wamefikiria vile kitu kinapokelewa nyumba ya pili, maswali yenye mtu ataulizwa.

Nikawauliza basi na sisi Jumatatu yetu iko aje, mkipatana kwa maduka ya Valley Arcade ama kwa stage ya matatu za 46. Kijana mmoja wa Lavington akasema akiwa peke yake atasalimia, akiwa na mamake hajui. Wengine wakamzomea na nikawanyamazisha, manake amesema ukweli na ameusema akiwa anatetemeka sauti. Msichana akamwambia, "Afadhali hivyo. Basi ukiwa na yeye mimi ndio nitakusalimia, nione atasema nini."

Tumebadilisha vitu viwili tangu hiyo siku. Hakuna kubeba chakula tena Jumamosi, tunapika githeri sufuria moja na zamu ya kupika ni ya kila mtu, hata wale wenye hawajawahi kuchambua maharagwe wamefundishwa. Na mikutano tunabadilishana, wiki ingine tunafanyia kwa ukumbi, wiki ingine kwa darasa la nasari moja huku Gatina. Wazazi wengine wa Lavington walikataa hiyo ya pili, wakasema usalama, na watoto wao wawili watatu wameacha kuja. Kuna baba mmoja alikataa halafu akaja mwenyewe kuangalia, akakaa nyuma mpaka mwisho, na sasa yeye ndiye analeta kijana wake na wa majirani. Mwezi ujao tunawaonyesha wazazi hiyo muvi, wa pande zote mbili, ukumbi mmoja, na vijana wamesema hiyo siku maswali ya Jumatatu watauliza wao.